Tiketi Isiyorejeshwa

"Na choo?" Bi Riyama aliuliza kwenye simu. "Hicho choo cha mbele, na wale wa nyuma wanaingia?"

Kawthar alikuwa kwenye mkeka, chini ya kiti cha mama yake, anachagua mchele. Mkono ulisita ndani ya ungo. Ile simu ilikuwa na sauti kubwa, na Zahran wa huko Toronto alisikika kama yuko chumba cha pili.

"Hawaingii, mama. Kuna pazia."

"Pazia tu?"

"Pazia, na wahudumu wanazuia."

"Pazia hufunuliwa, Zahran."

Kawthar alimsikia mumewe anavuta pumzi.

"Mama, ile ndege ya kupitia Amsterdam ulisema kiti chake kinalala nusu, Kawthar atafika mgongo unamuuma. Sawa. Ile ya London ukasema ukumbi wao wa kupumzikia una pombe za bure. Sawa. Hii ya Dubai nimeulizia kila kitu. Kiti kinalala chote, kinakuwa kitanda kamili. Chakula cha Waislamu. Begi anachukua zaidi ya wale wengine."

"Kitanda." Bi Riyama alilirejea neno lile polepole. "Mwanangu alale kitandani, na pembeni yake mwanamme asiyemjua kalala kitandani. Wewe kwa akili yako unaona sawa?"

"Mama, katikati kuna kibao."

"Kibao."

"Naam, mama."

"Haya, sema na mkeo. Usimweke sana, jiko linawaka."

Kawthar aliipokea simu. Mama yake hakwenda jikoni. Alisimama palepale, mikono kiunoni, anatazama dirishani kama mtu asiyesikia.

"Kawthar."

"Naam."

"Umesikia yote?"

"Nimesikia."

"Na wewe unasemaje? Hii ya Dubai unaionaje?"

Kawthar alimtazama mama yake. Mama yake akamtazama yeye.

"Anachosema mama ndicho."

"Haya," Zahran alisema, sauti imeshuka. "Kila siku ndicho."

Simu ikakatika. Bi Riyama aliichukua akaifuta kwa ncha ya kanga.

"Mwanamme huyu anatuchezea," alisema. "Mwaka mzima maneno. Mara kiti kinalala, mara kiti kinakaa. Tiketi yenyewe tushaiona?"

Sasa mtu atauliza: ndoa imefungwa, ni mke wa mtu, anashindwaje kufungua mdomo akasema nataka kwenda kwa mume wangu? Anashindwa. Katika nyumba kama ile yao ya Mkunazini, Unguja mjini, biharusi haulizi lini atapelekwa. Akiuliza ana pupa, na pupa ya biharusi husimuliwa mpaka kwa wajukuu zake. Somo wake, yule bibi aliyemfunda, alimwambia wazi: mambo ya safari ni ya watu wazima, wewe kazi yako kusubiri na kunukia. Basi Kawthar akasubiri, akanukia, mpaka udi aliotiwa begini ukaisha harufu ukatiwa mwengine.

Ndoa yao ilifungwa mwaka uliopita, mwaka wa elfu mbili na nne, Zahran alipokuja likizo kutoka kazini kwake maabara ya hospitali. Ilikuwa nikaha tu; kuingia nyumbani kwa mume kungekuwa huko huko Toronto. Mahari Bi Riyama hakuyabishania. Alileta sharti moja, likasemwa mbele ya mashahidi na ami Abdulwahid, aliyesimama badala ya marehemu baba yake Kawthar: binti asafiri bizinesi klasi, asipakiwe nyuma. Watu walielewa. Binti yake mkubwa, Lamya, aliolewa Australia, akenda kwa ndege nyingi kiti cha nyuma, akafika miguu imevimba hata viatu haviingii. Zahran alisema amekubali. Na Zahran ni katika wale watu ambao wakishasema wamekubali, basi tena.

Kawthar akaacha kazi yake ya kusomesha skuli ya watoto wadogo, kwa vile anasafiri. Watoto aliowaacha wanaandika alifu sasa wanasoma. Akanunua koti zito la mtumba pale Darajani, likaning'inia nyuma ya mlango mpaka likala vumbi. Akitoka tu kwenda dukani, jirani yao Mashavu atakuwa barazani.

"Kawthar, bado upo?"

"Bado, Bi Mashavu."

"Mimi nlidhani ushakwenda."

Siku ya kwanza alicheka. Baadae akawa anazunguka njia ya nyuma, iliyo na matope, asikutane na lile swali.

Siku moja tu alijaribu.

"Mama, labda kiti cha mbele kinamshinda. Si mumwambie cha nyuma kinatosha?"

Bi Riyama aliacha kukuna nazi.

"Unataka nimwambie hivyo? Nimwambie mkeo hana subira, mlete hata kwenye buti? Akuone unamkimbilia?"

Kawthar aliona uso wake unawaka kwa aibu. Hakulirudia tena. Yeye na Zahran wakaendelea kuandikiana kwenye simu zao, na waliandikiana kila kitu isipokuwa safari. Kawthar aliandika habari za mvua na biriani. Zahran aliandika habari za theluji. Theluji imeanguka, theluji imeyeyuka, theluji imeanguka tena. Kawthar alikuwa akisoma anatupa simu kitandani. Alikuwa keshaanza kuwaza kwamba mwanamme mwenye hamu na mkewe haandiki theluji, na labda huko kuna mwengine anayetazama nae hiyo theluji.

Asubuhi ya pili yake Bi Riyama alivaa buibui akasema anakwenda kumtazama mgonjwa. Alirudi karibu na adhuhuri, mchangamfu, na embe za kachumbari. Alasiri ile, Kawthar yuko jikoni anakaanga, simu yake ikalia ujumbe.

"Kawthar, viza yako inakwisha mwisho wa mwezi huu. Na hii tiketi ya tatu nayo umeirejesha. Nshafahamu. Kama hunitaki nambie mwenyewe, nizungumze na ami Abdulwahid tuachane kwa wema. Sina hasira."

Aliisoma amesimama. Akaisoma tena. Samaki akaungua upande mmoja.

Tuachane. Hilo lilimpiga kifuani. Lakini neno lililomkera zaidi lilikuwa lile la tiketi. Tiketi gani? Tatu za wapi? Yeye alikuwa hajaona hata bahasha. Na ati hana hasira. Basi yeye Kawthar alikuwa nazo, zake na za Zahran zote pamoja.

Alizima jiko, akavaa buibui.

"Kawthar," mama yake aliita kutoka ndani.

"Naam."

"Wapi?"

"Mlandege. Nnakwenda kutazama uzi."

"Usichelewe."

Duka la Mjaka, ambako Zahran alizoea kukata tiketi zake, liko Mlandege, baina ya muuza vitambaa na fundi saa. Mjaka ni Mtumbatu, mtu mzima, na biashara ya kuwasafirisha watu ilikuwa imemfanya awe mkali kwa kila aliyebaki. Kawthar alimkuta anajipepea kwa kalenda.

"Shikamoo."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Mimi Kawthar. Mke wa Zahran wa Toronto."

Mjaka aliiweka kalenda chini.

"Wewe ndiye Kawthar."

"Ndiye."

"Kaa hapo." Alimwonyesha kiti. "Muda mrefu nataka kukutia machoni nikuulize swali moja. Hebu nambie, wewe unataka nini?"

"Kivipi?"

"Nakuuliza unataka nini. Nilikata ya Amsterdam, hukuipenda, nikaifuta. Nikakata ya London, hukuipenda. Hii ya Dubai mumeo kakaa na mimi kwenye simu mpaka sikio likawa moto: kiti cha dirishani, mbali na mlango wa choo, jirani awe mwanamke kama yupo. Nikahangaika nikampata, bibi mmoja wa Kihindi, mtu mzima, mpole. Nikakata. Leo asubuhi imerudi."

"Imerudishwa na nani?"

"Na wewe."

"Mimi nshawahi kuingia humu?"

Mjaka alimtazama vizuri. Kisha akajikuna shingo.

"Huleta mama yako," alisema, sauti imepungua ukali. "Huchukua tiketi hapa kwa ahadi ya kukupelekea. Siku ya pili anarudi yuleyule. Anaiweka hapa mezani, anasema Kawthar kasema hapendi. Mimi nampigia mumeo namwambia mkeo hapendi. Ningesemaje tena?"

Kawthar alishika ukingo wa meza. Alitaka kusema mama yangu hawezi, na ulimi ukakataa, kwa sababu alimuona mama yake na zile embe.

"Na inarejeshwa hivi hivi tu?" aliuliza mwisho. "Mtu analeta, nyinyi mnapokea?"

"Ndiyo uzuri wa bizinesi, na kwangu mimi ndiyo balaa yake. Aliyelipa kiti cha mbele kalipia na kigeugeu chake. Abadilishe siku, abadilishe njia, arejeshe, haki yake inarudi kamili. Pesa ya mumeo ipo hapa, haijapungua. Wa nyuma hana hayo. Ile ya nyuma, ya chini kabisa, ikishakatwa imekatwa. Haibadilishwi, hairejeshwi. Hukwenda, imekufa."

Kawthar aliitazama simu iliyokuwa mezani.

"Naomba nimpigie mume wangu."

Mjaka aliisogeza simu ya dukani. Iliita mara nyingi.

"Mjaka," Zahran aliitika, amechoka. "Nshakwambia, ifute tu."

"Si Mjaka. Mimi."

"Kawthar? Uko wapi?"

"Dukani kwa Mjaka. Zahran, mimi sijapata kuiona tiketi. Hata moja. Sikuambiwa kama zipo. Mama ndiye aliyekuwa akizirejesha."

"Mama?"

"Mama."

"Lakini mimi kila mara nakuuliza mwenyewe. Kila nikimaliza na yeye nakuuliza wewe, unasemaje? Unasema anachosema mama ndicho."

"Ulitaka niseme nini na mama kasimama juu ya kichwa changu? Niseme nileteni upesi?"

"Ndiyo." Sauti ya Zahran ilikatika. "Hilo hasa. Mwaka mzima nasubiri uniambie hilo."

Mjaka akageuka kulitazama feni, lililokuwa halizunguki.

"Na wewe," Kawthar alisema, na sasa machozi yanateremka hayazuii, "ulishindwa kuniandikia mstari mmoja? Kawthar, tiketi yako iko kwa Mjaka. Ungekufa? Unaniandikia theluji. Mwaka mzima, Zahran, theluji."

"Niliona nikikuandikia safari ntakuwa nakusukuma. Nilidhani hutaki, na unaona haya kusema."

"Nilikuwa naona haya kusema nataka."

Kawthar alijifuta uso kwa ukaya wa buibui.

"Nataka kuja," alisema. "Haya, nshasema. Nataka kuja kwako. Mzee Mjaka kasikia, na muuza vitambaa kasikia."

"Mpe Mjaka aikate tena ile ya Dubai. Sasa hivi."

"Hapana. Nakuja nyuma."

"Kawthar, kuna sharti. Nilikubali mbele ya mashahidi."

"Sharti liliwekwa kwa ajili ya nani?"

"Kwa ajili yako."

"Basi ni haki yangu mimi, si ya mama wala si ya ami. Nimeisamehe. Shahidi huyu hapa."

"Ni safari ndefu. Utakaa umejibana, miguu itavimba."

"Ivimbe." Akamgeukia Mjaka. "Nikatie ile ya nyuma. Ile isiyorejeshwa."

Mjaka alivuta mashine yake karibu, na ukali wote ukamtoka.

"Pesa iliyobaki nimrejeshee mumeo?" aliuliza kwa sauti ili na wa Toronto asikie.

"Iwekee jina la mama," Zahran alisema. "Siku akitaka kuja."

"Asiwekewe," Kawthar alisema.

"Iweke, Mjaka."

"Zahran, mtu kakaribia kuniachisha."

"Najua. Iweke."

Bi Riyama alikuwa akipepeta ule mchele ulioachwa tangu jana. Kawthar aliingia na buibui lake, akaiweka tiketi juu ya ungo. Mama mtu aliitazama, na hakuuliza ni nini.

"Kwa nini, mama?"

"Ile ya London ina pombe, wewe huelewi..."

"Mama."

"Na Amsterdam kile kiti..."

"Mama. Nimekaa humu ndani mwaka, nadhani mume wangu hanitaki. Nalia, na wewe unanisikia nalia, unaniletea uji. Ukinipa uji na tiketi yangu iko kwenye mkoba wako. Ungeniachia niachwe?"

Bi Riyama aliuteremsha ungo. Mikono haikujua pa kwenda, ikaishia mapajani.

"Sikudhani atafika huko."

"Kafika leo. Kaandika tuachane."

"Astaghfirullah."

"Kwa nini ulisema mimi ndiye nisiyependa?"

Chini njiani Mashavu alisikika anamuuliza mtu bei ya ndizi.

"Lamya nilimpeleka uwanja wa ndege mwenyewe," Bi Riyama alisema. "Nikamwambia nenda, mwanangu, nami nacheka. Watu wakanisifu. Leo wanawe wananisalimu kwenye simu Idd kwa Idd, na hawanifahamu ninachosema. Lamya mwenyewe anasema anakuja mwakani, tangu hiyo siku anakuja mwakani. Na wewe ndiye uliyebaki. Ukienda, nani ataniita mama humu ndani?"

"Ungesema."

"Ningemwambia nani? Nimwambie ami yako simtoi mwanangu kwa mumewe? Wangenicheka mji mzima." Alivuta kamasi. "Nikasema choo."

Kawthar alitaka kukasirika zaidi, na kwa kweli alikuwa bado amekasirika, na alikaa nayo hasira ile siku nyingi baadae. Lakini alikaa chini pale kwenye mkeka.

"Nimekosa," Bi Riyama alisema. "Nimekukosea wewe na nimemkosea yule mtoto wa watu. Ntamwomba radhi mwenyewe." Akaichukua tiketi, akaiweka mbali na macho ili aione. "Hii ya mbele?"

"Ya nyuma."

"Nyuma, Kawthar? Hebu nimwone Mjaka walau akupe dirisha..."

"Haibadilishwi, mama. Na hairejeshwi."

Bi Riyama aliitazama tena. Kisha akainuka, akenda nyuma ya mlango, akalitoa lile koti, akaanza kulipiga vumbi kwa mkono, kwa nguvu, kila pigo na chozi lake.

Kiti kilikuwa cha katikati. Kulia alikaa kijana anayekoroma, kushoto mwanamke na mtoto mchanga aliyelia bara baada ya bara. Kiti kililala kiasi cha kiganja, na choo, kwa kweli, kiliingiwa na kila mtu. Kawthar alifika Toronto viatu amevishika mkononi.

Zahran alikuwa mbele ya watu wote, na shada la maua limekunjika kwa kubanwa. Alimtazama mkewe usoni, kisha miguuni.

"Imevimba," alisema.

"Nlikwambia ivimbe."

Akapiga goti palepale, mbele ya watu wanaovuta mabegi yao, akavua viatu vyake yeye, vikubwa, akamvisha. Akasimama na soksi. Kawthar akacheka na akalia kwa pamoja, na haya hazikumjia.

"Nje kuna nini?" aliuliza.

"Sisemi."

"Zahran, nje kuna nini?"

"Theluji."

Miezi ikapita. Alasiri moja ya Unguja, asubuhi ya Toronto, simu ililia nyumbani kwao. Zahran aliipokea, akasikiliza, akaiweka sauti ya juu ili Kawthar asikie.

"Mkwe wangu," Bi Riyama alikuwa akisema, "nipo dukani kwa Mjaka. Viza imetoka. Ananambia kwa pesa yako naweza kwenda kwa Kawthar, kisha nkaenda mpaka kwa Lamya, kama nikikubali kiti cha nyuma. Nshamwambia anikatie."

"Mama, subiri. Tutaongeza, upande mbele. Kiti kinalala, ukumbi..."

"Nimekuomba mbele mimi? Nataka ile isiyorejeshwa. Mimi najijua." Akashusha sauti. "Ila nambieni kitu kimoja, na msinicheke."

"Sema, mama," Kawthar alisema.

"Hicho choo cha nyuma. Na wale wa mbele wanaingia?"